Redio Isiyoruhusiwa Kupunguzwa Sauti

Enzi zetu betri ilikuwa haifi siku moja. Ilikuwa inaugua kwanza, inauguzwa, inapata nafuu, inarudiwa na homa, na ni baada ya kusumbua ukoo mzima ndipo inakubali kwenda. Redio ikianza kuongea kama mtu mwenye mafua, Mama alizitoa betri zote nne, nami nikapanda juu ya mawe nyuma ya nyumba kuzianika kwenye bati. Nilizihesabu zikipanda, nikazihesabu tena zikishuka, kwa sababu majirani walikuwa na tochi na mimi sikuzaliwa jana. Zikishagoma hata jua, tuliziuma ubavuni kwa meno. Zikigoma meno, tulizitoboa kwa msumari na kuzinywesha maji ya chumvi. Kuna nyumba walizichemsha kabisa, ila kwetu Mama alisema sufuria yake ni ya ugali, hajafungua hospitali.

Tulikaa Kamanga, ng'ambo ya Mwanza mjini, nyumba ya pili juu ya gati. Ukikaa mlangoni ulikuwa unaona kivuko kikitoka upande wa mjini kikiwa kidogo kama kiberiti, na kabla hujamaliza kula bakuli la michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, kwa karanga kilikuwa kimefika, kimejaa magari, matenga ya nyanya na akina mama wenye mabishano. Harufu ya dagaa walioanikwa mchangani tulikuwa tunaivaa kwenda nayo shule. Tulicheza rede mpaka mpira wa soksi unabaki soksi. Tulioga ziwani mchana, kisha tukajipaka vumbi ili Mama asijue tumeoga, na Mama alijua, kwa sababu hakuna mtoto anayerudi kutoka shule akiwa na vumbi lililopakwa vizuri namna ile.

Baba alikuwa kuli gatini. Alibeba magunia mgongoni na maneno mdomoni, na yote mawili aliyabeba kwa wingi. Redio ile nyeusi ya betri nne aliipata kwa dereva mmoja aliyekuwa anahama, baada ya kubishana naye kivuko kizima, kutoka Kamanga hadi mjini na kurudi. Dereva alikuwa hana safari ya kurudi. Alirudi tu kwa sababu mabishano yalikuwa hayajaisha.

Shida ikabaki chakula cha redio. Betri za dukani zilikuwa zinaisha kila tukizipenda. Ndipo siku moja Baba akaja na betri ya lori, kubwa, nzito, imezeeka kiasi kwamba haikuweza tena kuamsha lori. Mwenyewe alikuwa anataka kuitupa ziwani. "Lori limeshindwa," Baba alituambia, akiitua sakafuni kama amemtua jirani mgonjwa, "lakini redio si lori." Mama aliangalia suruali ya Baba. Maji ya betri yalikuwa yameshatoboa matundu saba. Mimi nilihesabu, Mama akahesabu, tukakubaliana saba.

Tukaipeleka mjini, Mirongo, kwa fundi aliyeitwa Masalu, aliyekuwa na meza ndogo, mita ya mshale, na redio za watu zilizofunguliwa matumbo kama sato. Nilienda kwa sababu mtu mmoja alibeba betri na mwingine alitakiwa kubeba redio. Na hapo ndipo nilipojifunza kazi zote mbili ninazofanya hadi leo, ya umeme na ya bei.

"Betri yako inatoa volti kumi na mbili," Fundi Masalu alisema. "Redio inakula sita. Ukiiunga hivihivi, utasikia taarifa ya habari nusu, nusu utausikia moshi. Nitakuwekea vidude vitatu vya kutuliza volti, transista, zena na rizista. Itakaa sita ukipiga kelele, itakaa sita ukinong'ona."

"Bei?"

Fundi akataja bei. Baba akacheka kicheko chake cha gatini, kile kinachosikika mpaka chumba cha injini.

"Punguza, fundi."

"Nikipunguza, transista inatoka. Inabaki zena na rizista kubwa. Itapata moto kidogo."

"Moto si neno, sisi tunapikia kuni. Punguza tena."

"Basi zena nayo inatoka."

"Inabaki nini?"

"Rizista."

Baba akaishika ile rizista kwa vidole viwili, akaigeuza kama anakagua dagaa mmoja. "Hiki kidude ndicho unachotaja bei yake? Fundi, mimi nimekuja na kivuko, sijaja na ndege."

Fundi Masalu akavua miwani, akafuta jasho. "Mzee, tukiendelea hivi utaanza kunidai mimi." Akainama chini ya meza, akaibuka na boksi la balbu za indiketa za gari, zile ndogo. "Naunga balbu moja njiani, kati ya betri na redio. Balbu itakula sita, redio itabaki na sita. Hiyo hata wewe huwezi kuipunguza."

"Weka mbili," Baba akasema. "Moja ya akiba."

Wakapeana mikono. Fundi akaunga waya, akawasha, akawa anapandisha sauti huku anatazama mshale wa mita. Sauti ilipanda, mshale ukashuka. Ulipofika kwenye sita, Mirongo yote ilikuwa imegeuka kututazama. Akachukua rangi ya kucha, akaweka nukta nyekundu kwenye kizungusho cha sauti.

"Sikiliza vizuri," alisema, na ilibidi apige ukelele. "Sauti isishuke chini ya hapa. Ukipunguza, volti zinapanda, kapasita za ndani zinapasuka, na mimi simo!"

"Nani anunue redio asiisikie?" Baba akamjibu kwa ukelele uleule.

Tukarudi Kamanga tukiwa matajiri. Sheria za redio ile zilikuwa chache na ngumu. Kuwasha: kwanza peleka sauti kwenye nukta nyekundu, kisha bana waya kwenye betri. Kuzima: chomoa waya kwenye betri, kamwe usiguse redio, kwa sababu ukiizima kwa kizungusho utapita kwenye sauti ndogo, na sauti ndogo ni kifo. Kwa hiyo redio yetu haikuwa inawaka, ilikuwa inashambulia. Saa kumi na mbili asubuhi Baba akibana waya, kuku wa nyumba tatu walitawanyika. Abiria wa kivuko cha kwanza walikuwa wanasikia taarifa ya habari kabla kivuko hakijafungwa kamba. Mwalimu wetu wa hesabu, ambaye alipanga nyumba ya jirani, alinunua pamba za masikioni kwa mshahara wake mwenyewe.

Nyumbani tuliongea kwa kupiga ukelele, na Baba alimwita Mama kwa jina langu. "Mama Minza, chumvi!" "Nini?" "Chumvi!" "Imekwisha tangu jana!" Na kwa hiyo Kamanga nzima ilijua kwetu chumvi imekwisha. Wageni wakija, Baba hakukubali kuizima, maana redio ndiyo iliyompandisha cheo, alikuwa kuli akawa Mzee wa Redio. Na hakukubali kuwaambia watu kwamba haipungui. Akiulizwa kwa nini sauti kubwa vile, alijibu, "Hii ina nguvu ya lori." Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Mama akatikisa chake kwa sababu nyingine.

Mimi wakati huo nilikuwa na miaka kama kumi na moja, na nilipenda kutazama ile balbu kuliko kusikiliza redio. Ilikuwa inacheza. Ngoma ikipigwa, inawaka. Mtangazaji akivuta pumzi, inafifia. Nilikaa mbele yake na kiazi mkononi, nikawa nahesabu. Betri ina kumi na mbili, redio inataka sita, zinazidi sita. Nikahesabu tena kwa vidole vya miguu, zikazidi sita zilezile. Taratibu nikaelewa. Balbu ilikuwa kama mtoza ushuru pale getini kwetu gatini. Umeme wote uendao kwenye redio lazima upite kwake, naye anakata chake kutokana na mzigo unaopita. Redio ikipiga kelele inavuta mzigo mkubwa, mtoza ushuru anaamka, anawaka, anakata volti zake sita bila huruma. Redio ikinong'ona, inavuta kiganja tu. Mtoza ushuru haoni cha kuamkia, anasinzia, na volti zote kumi na mbili zinapita getini bila kuulizwa zinaenda wapi.

Niliijua siri hiyo na sikuwa na pa kuipeleka. Mtoto enzi zetu hakuwa na maoni. Alikuwa na ndoo.

Kisha akafariki Mzee Bulugu.

Mzee Bulugu alikuwa jirani yetu wa chini, msuka mitego ya samaki, mtu mpole aliyeweza kukaa siku nzima bila kusema neno, na mkewe, Bibi Nyanjige, alisema kwa ajili ya wote wawili. Mtoto wao wa pekee, Lutema, alikuwa kwenye kambi ya uvuvi huko visiwani, na hakuna aliyejua kisiwa gani, maana wavuvi wanahama na samaki. Simu hazikuwepo. Kulikuwa na njia moja tu: mtu alivuka kwenda mjini, akatuma tangazo la kifo redioni, na nyinyi mnaobaki mnakaa mkisubiri lisomwe. Likisomwa, mnajua huko aliko kuna mtu atakuwa amesikia na atamwambia. Lisiposomwa, mnazika bila mtoto.

Saa nne asubuhi akaja Mzee Nkwabi, aliyekuwa anasimamia msiba, na fimbo yake na kofia mkononi. Kwa bahati redio ilikuwa imechomolewa.

"Shikamoo, mzee," Baba akasema.

"Marahaba, Baba Minza. Nimetumwa. Maduka yote hayana betri wiki hii, na redio yenye uhai ni hii ya kwako. Tangazo la marehemu litasomwa leo baada ya taarifa ya saa saba. Tunaiomba msibani."

"Redio ni yenu, mzee."

"Bibi amesema hivi. Mumewe maisha yake yote hajawahi kutajwa redioni, na leo ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho. Anataka amsikie kwa masikio yake. Na mtoto wake akitajwa, tutamngojea siku mbili. Asipotajwa, tunazika kesho asubuhi, joto hili halisubiri." Akavaa kofia, akaivua tena. "Ila, mwanangu, iongee taratibu. Yale matangazo hayana dakika maalumu, yanakuja katikati ya miziki ya salamu. Hatuwezi kuwapigia wafiwa dansi kwa nguvu ya lori."

"Haina shida kabisa," Baba akajibu.

Mzee Nkwabi alipoondoka, Baba aliketi juu ya betri. Akipeleka redio ikipiga kelele, ameuvunjia heshima msiba, na Kamanga itamkumbuka kwa hilo mpaka kaburini. Akiipunguza, itapasuka pale pale mbele ya bibi wa watu, kabla jina halijasomwa. Akisema haipungui, basi miezi yote ile ya nguvu ya lori ilikuwa uongo.

"Mwambie ukweli," Mama alisema.

"Ukweli upi?"

"Kwamba ulishusha bei mpaka ukashusha akili ya redio."

Baba akajaribu kwanza kwa blanketi. Akapandisha sauti kwenye nukta, akaifunika redio blanketi moja. Ikasikika kama mtu anayegombana ndani ya nyumba ya jirani. Akaongeza la pili na gunia. Ikasikika kama mtu huyohuyo amefungiwa. Akaiingiza ndani ya kihenge cha mtama, akafunika kwa mfuniko wa majani. Sasa ilikuwa kihenge kinachoongea. Jogoo wetu alikizunguka mara mbili, akaamua kulala kwingine. Baba alipoitoa, redio ilikuwa ya moto kama kiazi cha jivuni.

"Baba," nikasema.

"Kachote maji."

"Baba, ile balbu ya akiba iko wapi?"

"Balbu haijafa, unataka ya akiba ya nini?"

Nikamweleza yote kwa pumzi moja kabla hajanipa ndoo. Nikamwambia mtoza ushuru anasinzia kwa sababu msafiri ni mmoja na msafiri huyo wakati mwingine hana mzigo. Tumpe msafiri wa pili, anayepita na mzigo mkubwa muda wote, redio iseme isiseme. Balbu ya pili tuiunge sambamba na redio, bega kwa bega. Hiyo haitanyamaza kamwe. Basi ya kwanza haitasinzia kamwe.

Baba akageuka kuitazama ile balbu. "Umesomea wapi haya?"

"Hapa hapa. Kwenye balbu."

"We mtoto unataka kuniulia redio."

"Jaribu bila redio kwanza," akasema Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko. "Balbu mbili tu. Zikifa, umepoteza balbu. Redio yako ikae pembeni ikitazama."

Tukafanya hivyo. Balbu ya kwanza kutoka kwenye betri, ya pili ikifuata nyuma yake, kisha waya ukarudi. Zikawaka zote, mwanga wa njano hafifu, kila moja nusu ya ukali wake. Baba akaziba moja kwa kiganja, akatazama nyingine. Akabadilisha. Akazihamisha, ya kwanza nyuma na ya pili mbele, kama mtu anayelinganisha mafungu mawili ya samaki sokoni.

"Zimegawana sawa," alisema hatimaye.

"Kumi na mbili kwa wawili," nikasema. "Sita, sita."

"Hesabu tena."

Nikahesabu tena. Ikaja sita, sita.

Ikabaki kuunga redio kwenye miguu ya ile balbu ya pili. Baba akaunga, sauti ikiwa kwenye nukta nyekundu. Redio ikalia, kwa ulegevu kidogo kuliko ilivyozoea. Sasa mtu alitakiwa kuzungusha sauti kwenda chini. Baba akanyoosha mkono, akaurudisha. Akanyoosha tena, akajikuna shingo. Mtu aliyebeba magunia mawili ya mahindi juu ya ubao wa kivuko wakati wa mawimbi alikuwa anaogopa kuzungusha kidude cha ukubwa wa kifungo.

"Ondoka," Mama alisema. "Leo nitajua kama nina mume au nina spika."

Akaweka mwiko chini. Akazungusha.

Ikapita nukta nyekundu. Ikashuka zaidi. Balbu ya kwanza haikusinzia, ilibaki macho, njano, imara. Sauti ikawa ya mtu anayeongea nawe mezani, kisha ya mtu anayekuambia siri, kisha nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia ndani ya nyumba ile tangu ile betri iingie: nilisikia kuni zikilia jikoni. Tulisimama watatu tukisubiri moshi. Hakuna moshi. Mama akakaa kwenye kigoda, akafumba macho. "Iacheni hivyo hivyo kidogo," alisema, na alikuwa ananong'ona, na tulimsikia.

Saa sita na nusu tulishuka msibani. Baba mbele na betri, mimi nyuma na redio, Mama na balbu zake mbili kwenye ungo, amezifunga kwenye ubao mdogo kama mayai. Tukaweka kila kitu juu ya mkeka mbele ya Bibi Nyanjige. Balbu zilipowaka mchana kweupe, mzee mmoja akamuuliza mwenzake kwa sauti ya chini, "Hizi taa mbili ni za nini?"

"Itakuwa mishumaa ya kisasa," mwenzake akajibu. "Mmoja wa marehemu, mmoja wa mjane."

Hatukumsahihisha. Baadhi ya watu waliinamisha vichwa mbele ya balbu za indiketa, na Baba akainamisha chake zaidi kuliko wote.

Taarifa ya habari ikasomwa, ikaisha. Zikaanza salamu na muziki, na Baba mwenyewe, kwa kidole kimoja, akaushusha muziki mpaka ukabaki kama nyuki wa mbali. Kila wimbo ukifika mwisho alipandisha kidogo, kila ukianza alishusha. Alikuwa na furaha ya kupandisha na kushusha ambayo haikufaa msibani, na alijua, akawa anakunja uso ili isionekane. Nyimbo tano zilipita. Nilikuwa nazihesabu. Bibi Nyanjige hakusema neno kwa nyimbo zote tano, na kwa bibi yule hilo lilikuwa jambo la kutisha.

Kisha ikaja ile sauti ya matangazo ya vifo, kavu, isiyokimbia. Ikasoma wa kwanza, wa mbali. Wa pili. Watu walikuwa wameketi mpaka barabarani, wavuvi, akina mama, mwalimu wa hesabu bila pamba zake, na hakuna aliyekohoa. Mtoto akataka kulia, mama yake akamtia titi mdomoni. Wa tatu. Ikasema: Mzee Bulugu, wa Kamanga. Ikamtaja mkewe. Ikasema mtoto wake Lutema, popote alipo visiwani, anatakiwa kufika nyumbani haraka kwa mazishi ya baba yake. Ikaenda kwa wa nne.

Wote walikuwa wanamtazama bibi.

"Wamemsema vizuri," Bibi Nyanjige alisema. "Hawakumharakisha." Akainama kuelekea redio. "Hawawezi kurudia?"

"Hawarudii, mama," Mzee Nkwabi akasema.

"Basi. Imetosha." Na ndipo akalia, na msiba wote ukalia naye, na Baba akachomoa waya kwenye betri kwa mazoea, ingawa sasa angeweza kuizima kama watu wengine.

Lutema alifika kesho yake alasiri na mtumbwi wa mashine, miguu bado ina magamba ya samaki. Alikuwa anakarabati nyavu, akasema, na redio ya kambi ilikuwa imetundikwa kwenye nguzo. Alimzika baba yake kwa mikono yake.

Sitadanganya kwamba tangu hapo tuliishi kwa amani. Sasa redio tuliizima kwa kizungusho, kwa hiyo balbu ya pili ilikuwa inakula betri usiku na mchana, redio isikilizwe isisikilizwe, na safari za kuchajisha mjini zikawa mara mbili ya zamani. Baba alihesabu akaichomoa. Mama akairudisha. Baba akaichomoa. Mama akasema sawa, na tangu siku hiyo chumvi ikawa inasahaulika kwenye mboga mpaka balbu iliporudi. Mwishowe nilitumwa Mirongo peke yangu na redio, na Fundi Masalu aliposikia nilichofanya alicheka mpaka akashika meza, akanikalisha, akaniwekea transista na zena mkononi na kunionyesha wapi pa kulehemu. "Hii ndiyo niliyomwambia baba yako siku ya kwanza," alisema. Nikamuuliza bei. Akaniambia niondoke.

Siku hizi nina kibanda changu hapo hapo Mirongo, nauza vifaa. Vijana wanakuja wamevaa miwani ya jua ndani ya kivuli: "Mama, nipe kile kidude cha kushushia volti, cha sola." Nawapa. Ni kibao kidogo kama biskuti, kina skrubu moja ya shaba juu yake. Kinashusha kumi na mbili kuwa sita, kuwa tano, kuwa chochote, na hakipati moto. Fundi Masalu angelia akikiona. Nawaambia: kabla hujaunga simu yako wala spika, kiunge peke yake, weka mita, zungusha skrubu mpaka usome unachotaka, ndipo uunge. "Nimeelewa, mama," wanasema wakiwa wameshageuka. Wakifika nyumbani wanazungusha mara tatu, hawaoni mabadiliko, wanasema kibovu, wanaunga hivyo hivyo. Ile skrubu inaweza kutaka mizunguko kumi au zaidi kabla haijaanza kutii. Kesho yake wanarudi na spika inayonuka. "Ulizungusha mara ngapi?" nauliza. Hawajui. Hawakuhesabu hata mara moja, sembuse mbili. Kisha wanaomba niwapunguzie cha pili, na nawapunguzia, lakini vitu vyote vinabaki ndani, nimejifunza kwa baba yangu.

Sisemi enzi zetu zilikuwa bora. Bati lilivuja, na suruali za Baba ziliisha kwa matundu. Wiki iliyopita alifariki mtu wa Kisesa niliyesoma naye. Ujumbe wa kundi letu la shule uliniingia kwenye simu nikiwa katikati ya kubishana na mteja, ukiwa chini ya picha ya keki na juu ya tangazo la viatu. Watu hamsini na wawili walikuwa wameshaweka ile mikono midogo iliyounganishwa ya kutoa pole. Nikaweka na mimi yangu, hamsini na tatu, nikarudi kwenye bei. Mteja alipoondoka, nilijaribu kukumbuka kama nilikuwa nimelisoma jina lake lote. Nikaifungua simu tena, nikalisoma kwa sauti, taratibu, pale kibandani, bila mtu wa kunisikia.